Raba Ndogo Inayoilinda Krenki

Injini ya silinda nne inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, mafuta huwaka ndani yake mara 100 kila sekunde. Kila mwako husukuma pistoni, pistoni husukuma krenki, na krenki, ingawa ni chuma kinene, hujisokota kidogo kisha hujinyoosha. Jicho halioni chochote. Lakini mapigo hayo yakiangukia kwenye kasi inayolingana na mtetemo wa asili wa chuma chenyewe, msokoto hukua, na chuma kinachosokotwa bila kupumzika hatimaye hupasuka.

Mwanzoni mwa karne ya 20, injini za silinda sita, zenye krenki ndefu, zilivunjika kwa sababu hiyo, hadi mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester alipobuni kifaa cha kumeza mtetemo. Mrithi wa kifaa hicho leo yuko mbele ya injini, pale inapopita feni belti, na gereji zetu humwita puli ya krenki. Si puli tupu. Katika magari mengi ni vyuma viwili, kitovu na pete nzito ya nje, vilivyoshikanishwa kwa mkanda wa raba. Krenki ikitetemeka, pete huchelewa kidogo, raba huvutika, na nguvu ya mtetemo huishia kuwa joto.

Raba hiyo ndiyo huzeeka. Joto huikausha ikapata nyufa, na oili inayovuja huilainisha. Puli huanza kuyumba, belti hulia au kuchomoka.

Kuibadilisha puli nyumbani kunawezekana, mradi gari lisimame juu ya stendi imara, si jeki peke yake, na waya wa betri ufunguliwe. Kazi nzito ni bolti ya katikati. Nati za tairi za gari dogo hukazwa kwa nguvu ya takriban nyutoni-mita 100. Bolti hii katika injini nyingi hupita 200. Ndiyo maana wapo wanaoegesha spana kwenye chesisi na kupiga stata ili bolti ilegee. Njia hiyo ikataliwe kabisa, kwani spana ikichomoka huweza kuvunja mkono au kutoboa jicho. Kifaa cha kuishikilia puli kipo: Honda, kwa mfano, huacha tundu la pembe sita la milimita 50 kwenye puli nyingi kwa kazi hiyo tu.

Kabla ya kuilegeza bolti, injini yenyewe ijulikane. Zile za familia ya L za Mazda, zilizofungwa kwenye Axela na Atenza za miaka ya 2000, hazina ufunguo wa chuma unaoifunga gia ya taimingi kwenye krenki. Inashikwa na mbano wa bolti hiyo peke yake. Ikilegezwa bila krenki na kemshafti kufungwa kwa vifaa vyake, taimingi hupotea, na valvu zinaweza kugongana na pistoni. Hapa fundi mwenye vifaa hivyo ndiye anayestahili kazi.

Kwenye injini nyingine, puli iliyong'ang'ania huvutwa kwa pula inayofungwa kwenye matundu ya kitovu. Kucha za pula zikishika pete ya nje, raba huchanika, hata kama puli ilikuwa bado nzima. Oili sili iliyo nyuma yake ikaguliwe wakati huohuo, maana kuirudia baadaye ni kuanza upya.

Puli mpya haipigwi nyundo. Pigo huiumiza raba na hupenya hadi kwenye beringi zinazozuia krenki isisogee mbele na nyuma. Huingizwa taratibu kwa kifaa chenye skrubu ndefu, kisha bolti hukazwa kwa kipimo cha kitabu cha gari. Baadhi ya bolti hutumika mara moja tu, hivyo hununuliwa mpya.

Mwishoni, mstari mwembamba wa rangi uchorwe kuvuka kitovu, raba na pete. Kwenye sevisi ijayo, mstari ukionekana umekatika, pete imeteleza na puli inahitaji kubadilishwa.