Nuru na Kibla: Juu ya Kupiga Picha Msikiti wa Kale wa Tongoni

Mwanga, mwangaza na nuru si maneno ya maana moja. Mwanga ndio utuwezeshao kuona. Mwangaza ni mwanga ulioenea mahali. Nuru, neno lililotoka katika Kiarabu, hutumika hasa kwa uongofu na baraka, na Sura ya 24 ya Kurani huitwa jina hilo. Watu husema ya kuwa mcha Mungu ana nuru usoni, wala hawasemi ana mwangaza. Basi kamera hupima mwanga, lakini waliojenga msikiti walitafuta nuru, na mpiga picha yampasa kuijua tofauti hii.

Mtu atokaye Kifungilo hushuka kwa Lushoto, Soni na Mombo, akafuata njia ya Korogwe na Muheza hata Tanga. Tongoni iko kilomita zipatazo 20 kusini ya mji huo, kando ya bahari. Hapo pana msikiti usio na paa, na makaburi yapata 40, yote ya mawe ya matumbawe na chokaa. Milimani ukungu wa asubuhi hulainisha vivuli; pwani jua la adhuhuri ni kali, hata ukuta huonekana mweupe mtupu na pembe zake nyeusi tupu.

Makka iko upande wa kaskazini ya pwani yetu. Kwa sababu hiyo ukuta wa kibla ni ule wa kaskazini, na uso wa mihrabu hutazama kusini. Tongoni nayo iko nyuzi 5 na zaidi kidogo kusini ya ikweta. Mwezi wa Juni, wakati wa kusi, jua hupita upande wa kaskazini, na mihrabu hukaa kivulini mchana kutwa: mwanga wake ni mpole, wafaa kuonyesha umbo zima. Mwezi wa Desemba, wakati wa kaskazi, jua hupita upande wa kusini na kuuangaza ukuta. Hapo asubuhi mapema na jioni ndizo saa njema, maana jua la chini huupitia ukuta kwa ubavu, na kila alama ya patasi hutupa kivuli chake.

Kazi hii si ya kupendeza macho tu. Zamani nguzo za makaburi zilipambwa kwa bakuli za Kichina. Sasa yamebaki mashimo, na nguzo nyingi zimeanguka. Chumvi, mvua na mizizi huendelea kula chokaa. Siku ukuta ukibomoka, picha itakuwa shahidi. Kwa hiyo mpiga picha na aandike tarehe, saa, na upande alioelekea, tena asimamishe kijiti chenye vipimo karibu na jiwe.

Tena mahali hapa si mawe matupu. Wako watu wazuruo makaburi na kuomba dua. Heri kumwomba ruhusa mlinzi na wazee wa kijiji, kutokanyaga kaburi kwa kutafuta picha nzuri, na kuishusha kamera mtu aombapo. Msikiti uliopoteza milango yake bado wapigiwa hodi.