Jiwe la Angani Lisipotee

Tarehe 24 Oktoba 1899 jiwe lilianguka kutoka angani huko Peramiho, katika mkoa wetu huu wa Ruvuma. Uzito wake ulikuwa gramu 165 tu, lakini ni la aina ambayo wataalamu wanaamini hutoka Vesta, sayari ndogo iliyo kati ya Mirihi na Mshtarii. Tarehe 16 Desemba 1938 jingine likaanguka Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa. Mwaka 2020 chombo cha Wajapani, Hayabusa2, kilileta gramu 5 hivi kutoka sayari ndogo ya Ryugu. Zikaonekana kufanana mno na jiwe la Ivuna. Waliyoyafuata wenzetu kwa safari ya miaka sita, sisi tuliletewa mlangoni.

Wavuvi wa Lituhi na wa visiwani, wanaokesha ziwani wakivua usipa, ndio mashahidi wa kwanza wa anga. Tunawasihi: jiwe likianguka, lisioshwe wala kuvunjwa, maana maji na unyevu huliharibu. Lifungwe katika karatasi safi na kavu. Siku, saa na mahali viandikwe. Kisha mtendaji wa kijiji aarifiwe.

Viongozi nao wasilipuuze jambo hili. Kimondo cha Mbozi kimebaki nchini kwa kuwa ni tani nyingi za chuma. Jiwe la kutia mfukoni halina kinga hiyo. Hata likipelekwa ng'ambo kuchunguzwa, hatuna budi kuhakikisha kwamba sehemu yake inabaki katika makumbusho yetu, vijana wetu walisome.