Gole la Kuku, Jioni na Asubuhi

Baada ya sala ya Alasiri, mwanafunzi wetu mmoja hapa Kiranjeranje alitujia mbio, tetea wa mamake kwapani. Chini ya shingo, upande wa kulia, palikuwa na donge kubwa, na nyumbani kisu kilikwisha tafutwa kwa kudhaniwa kuwa ni uvimbe. Tukalibonyeza taratibu: punje za mtama zikasikika vidoleni. Tukamwambia amtenge usiku ule bila chakula, ila maji.

Ndugu wasomaji, lile ni gole, ghala ya kuku. Hulijaza kabla ya kulala, na usiku chakula hushuka kidogo kidogo tumboni kulainishwa, kisha firigisini, ambako vijiwe alivyovimeza humsagia. Kuku hana meno. Basi tunayemlisha nafaka nzima, naye tumemfungia bandani bila changarawe, tunamdhulumu. Asubuhi gole huwa tupu. Likibaki gumu, huenda majani marefu yamekwama. Likiwa tepetepe na kinywa kikinuka uchachu, chakula kimechacha. Hapo mwiteni bwana mifugo, wala msimgeuze kichwa chini, maji yasije yakampalia.

Siku ya pili mtoto alikuja chuoni akicheka: gole limenywea, na tetea amekwisha taga.