Mvua Imekatika, Mlima Bado Umebeba Maji

Masika yakikatika, wachimbaji wa dhahabu wa Macalder, kaunti ya Migori, huteremka tena mashimoni. Kule Homa Bay, wakulima wa miteremko ya Gwassi hurudi mashambani. Nawaelewa, njaa haina subira. Lakini jua la asubuhi si cheti cha usalama.

Hesabu ni hii: mvua ya milimita 50 juu ya ekari moja ni maji ya tani 200 hivi. Mengine hutiririka, mengine huzama. Yanayozama huongeza uzito wa udongo, na yakikuta mwamba au udongo wa mfinyanzi hukwama hapo na kulegeza mshikamano. Ndiyo maana mteremko waweza kuporomoka hata siku kadhaa baada ya mvua. Wenzetu wa nchi za theluji, dhoruba ikipita, huchimba kwanza wakague tabaka dhaifu lililojificha chini ndipo wapande mlima. Kanuni ni ile ile.

Tusisahau Pokot Magharibi, usiku wa kuamkia 23 Novemba 2019: maporomoko yaliua watu zaidi ya 40, wengi wakiwa usingizini.

Basi tazama nini? Nyufa mpya juu ya mteremko. Miti au nguzo zilizoanza kuinama. Chemchemi inayochipuka pasipokuwa na maji, au ya zamani inayotoa tope. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri, leo wagoma. Ukiona ufa, piga vigingi viwili, kimoja kila upande, upime nafasi baina yake asubuhi na jioni. Ikiongezeka, hama na uwaarifu majirani.

Shimoni, usiingie iwapo kuta zinatiririka maji, udongo unadondoka au magogo ya kuegemeza yamepinda. Kifusi kisirundikwe ukingoni, kwani uzito wake huubonyeza ukuta.

Lakini mzigo huu asiachiwe mchimbaji peke yake. Sheria ya Madini ya 2016 inawatambua wachimbaji wadogo na kuweka kamati yao katika kila kaunti. Naona kazi ya kwanza ya kamati hiyo baada ya mvua kubwa iwe kukagua mashimo na kutangaza lipi lifungwe.

Mtume (s.a.w.) alimfundisha bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Mola. Kukagua mlima ndiko kumfunga ngamia.