Sekunde 30 za Nini? Hesabu ya Picha za Usiku Kutoka Ndani ya Gari

Daraja la Tanzanite jijini Dar es Salaam lina urefu wa kilomita 1.03. Gari likilivuka kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa linakwenda mita 13.9 kila sekunde, hivyo linalimaliza kwa sekunde 74. Anayetaka ile picha ya michirizi ya taa inayokimbilia katikati ya barabara ana sekunde hizo tu kwa kila mvuko, na wengi huzitapanya. Wanaacha shata wazi sekunde 30, kwa kuwa ndipo kamera nyingi zinapokomea kujihesabia zenyewe, wakiamini kwamba muda mrefu ndio mchirizi mrefu.

Tufanye hesabu. Tuchukulie nguzo zimesimama kila baada ya mita 35, na taa iko mita 8 juu ya usawa wa kamera. Taa iliyo mita 160 mbele inaonekana nyuzi 2.9 tu juu ya barabara. Gari likisogea mita 100 nzima, taa ile imepanda hadi nyuzi 7.6, yaani haijafanya lolote la maana. Mita 50 zinazofuata ndizo zinazoirusha hadi nyuzi 39, nje ya picha ya lenzi ya milimita 24. Lakini taa haiko peke yake. Wakati hii inachora kipande cha juu cha mstari, ya nyuma yake inachora cha kati, na ya mbali inachora cha chini. Gari likishasogea mita 35, kila taa imefika pale ilipoanzia mwenzake, na mstari umeungana. Mita 35 ni sekunde 2.5.

Kinachofuata baada ya hapo, kwenye barabara iliyonyooka, ni kupaka rangi juu ya rangi. Kwa sekunde 30 gari limekwenda mita 417, na karibu taa 12 zimepita kwenye njia ileile. Zingepita sawasawa isingekuwa tatizo kubwa, ila gari halitulii. Injini ya silinda 4 inayozunguka mara 2,000 kwa dakika hutoa mipigo kama 67 kila sekunde, hivyo mipigo 2,000 ndani ya picha moja. Ongeza maungio ya daraja na dereva anayerekebisha usukani. Mstari uliokuwa mwembamba unavimba na kuwa utepe wenye ukungu.

Mimi ningeweka sekunde 4. Mwanga wa dashibodi unaopungua kwa kufupisha muda unarudishwa na tundu la lenzi: kutoka f/11 hadi f/4 mwanga unaongezeka mara 7.6, na 30 kugawanya kwa 4 ni 7.5. ISO inabaki 100.

Sasa tuje kwenye fedha. Kamera nyingi zina kipengele cha kupunguza chembechembe kwenye picha za muda mrefu: baada ya picha, kamera hufunga shata na kupiga nyingine ya giza kwa muda uleule, kisha inaondoa kasoro. Kwa hiyo picha ya sekunde 30 inakula sekunde 60, na mvuko mmoja wa Tanzanite unakupa picha moja. Ya sekunde 4 inakula 8, na mvuko mmoja unakupa 9. Ukitaka picha 20 za kuchagua, ni mivuko 20 dhidi ya 3. Tukikadiria kilomita 3 kwa kila mvuko pamoja na kugeuza, gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita, na petroli ya shilingi 3,000, hiyo ni shilingi 18,000 dhidi ya 2,700. Ukizima kipengele hicho, unapata picha maradufu kwa mafuta yaleyale.

Sekunde 30 zina mahali pake: njia ya nje ya mji isiyo na nguzo, ambako unangoja gari moja moja lije mbele yako. Pia epuka kulifuata gari linalokwenda sawa na lako. Taa zake za nyuma hazichori chochote, zinabaki madoa mawili mekundu yaliyoungua.

Wenye simu wana kikwazo kingine. Tundu la lenzi kwa kawaida halibadiliki, na likiwa f/1.8 linaingiza mwanga karibu mara 5 ya f/4. Kichujio cheusi mbele ya lenzi kinatatua hilo. Hali ya usiku ya simu usiitumie, maana hupiga picha nyingi na kuzilinganisha ili kufuta mtikisiko, na mchirizi unaoutaka nao unaweza kufutika. Weka muda kwa mkono.

Kamera ifungwe imara kwenye dashibodi, kitambaa cheusi kizibe mng'ao wa kioo, na shata ibonyezwe na abiria kwa rimoti. Dereva asiiguse kabisa: akitazama skrini kwa sekunde 2 tu, gari limekwenda mita 28 bila mtu wa kuangalia njia.