Majani ya Mparachichi Horini

Orodha za mimea inayowadhuru farasi huandikwa kwa ajili ya nchi zenye farasi wengi. Sironga, katika kaunti ya Nyamira, farasi ni nadra, na mkulima anaweza kuona orodha hiyo haimhusu. Inamhusu, kwa kuwa mmoja wa mimea hiyo umeota nyuma ya nyumba yake: mparachichi. Farasi akila majani yake huweza kuvimba midomo, ulimi, shingo na kifua, na msuli wa moyo ukaharibika. Sumu yenyewe, persini, watafiti wa Australia waliitenga kutoka majanini na kuieleza mwaka 1995. Punda ni ndugu wa farasi, na ng'ombe na mbuzi nao hudhurika, ila wanaokamwa hupigwa kwanza kwenye kiwele. Takriban gramu 20 za majani mabichi kwa kila kilo ya uzito wa mbuzi hutosha kuharibu kiwele. Mbuzi wa kilo 30 hufikia kiwango hicho kwa gramu 600 tu. Zikifika gramu 30 kwa kilo, moyo nao huguswa. Kiwele huvimba na kuwa kigumu, maziwa hupungua na kutoka na mabonge, dalili zinazofanana mno na ugonjwa wa kiwele unaoletwa na bakteria. Mfugaji hununua dawa ya kuua bakteria wasiokuwepo, huku majani yakiendelea kutiwa horini.

Wapo watakaosema mbuzi wao wamekula majani haya miaka mingi na hawajafa. Nawasadiki. Mbuzi anayedonoa majani mawili matatu akipita hafikii kiwango cha kudhurika, na miti hailingani: yenye asili ya Guatemala ndiyo iliyohusishwa zaidi na sumu, na damu hiyo imo katika Fuerte na Hass, aina zinazopandwa sana Kenya. Hatari huja wakati wa ukame, nepia inapopungua na matawi yaliyopogolewa yanapoonekana kuwa lishe ya bure. Tena ng'ombe wa maziwa hafugwi ili asife tu. Lita zilizopotea ni karo iliyopotea. Matawi hayo yatandazwe chini ya kahawa, mifugo isikofika, na hori lipewe marando ya viazi vitamu. Kiwele kikivimba ghafla, daktari wa mifugo aambiwe mapema mnyama alikula nini jana.