Vijumba vya treni za kuchezea: urithi ulio hatarini kutupwa

Kizazi kilichojenga miji midogo ya treni nchini Ujerumani baada ya Vita vya Pili vya Dunia kinaondoka. Warithi wanabaki na maswali: kipi kihifadhiwe na kipi kitupwe?

Treni ya kuchezea huhitaji mazingira yake: stesheni, kanisa, maghala na nyumba za wakaazi. Kwa kipimo kilichoenea zaidi, cha 1 kwa 87, nyumba yenye kimo cha mita 8.7 hubaki na sentimita 10 tu.

Kadibodi na njiti za kiberiti

Kabla ya plastiki kutamalaki, wengi walijijengea wenyewe. Kuta zilikatwa kwenye kadibodi au mbao za masanduku ya sigara, uzio uliundwa kwa njiti za kiberiti, na unga wa mbao uliotiwa rangi ya kijani ukawa nyasi.

Mwaka 1946, ndugu Edwin na Hermann Faller walianzisha kampuni yao katika kijiji cha Gütenbach, kwenye Msitu Mweusi, kusini magharibi mwa Ujerumani. Baadaye plastiki ilirahisisha kazi: mnunuzi alipata sanduku lenye vipande na maelekezo, akaviunganisha kwa gundi. Hivyo stesheni ileile ikasimama katika nyumba nyingi.

Kipi kina thamani?

Kijumba cha kiwandani hutambulika kwa nambari yake katika katalogi, na kikiwa bado na sanduku lake huwavutia zaidi wakusanyaji. Kilichotengenezwa nyumbani hakina nambari wala sanduku, hivyo mara nyingi huonekana takataka. Hata hivyo, hicho hakina nakala nyingine duniani. Alama za penseli na kadibodi iliyotumika mara ya pili hueleza namna watu walivyoishi na kubuni wakati wa uhaba.

Vyote viwili huchakaa. Unyevunyevu huipinda kadibodi, jua huifanya plastiki ikauke na kuvunjika, nayo joto la balbu za zamani huweza kuiyeyusha.

Lakini adui mkubwa zaidi ni kusahauliwa. Kinga yake haina gharama: kuandika kwa penseli, chini ya kijumba, jina la aliyekijenga, mahali na mwaka, angali hai wa kuulizwa.